Jina Lisilozikwa

Wekesa alichukua kilio cha Chibalonza bila kumwomba, akakikata vipande, akakitia kwenye santuri, kisha akawapa watu wakicheze. Hilo ndilo kosa. Litajwe kwanza kabla ya sifa zake, maana sifa zake ni nyingi na watu wa Granville, mtaa wake hapa Sydney, wanapenda kuanzia huko.

Haya, sifa zake. Ni Mkenya wa Bungoma, mzee wa miaka sabini na kitu, rasta zake nyeupe zimefika kiunoni, na akifanya kazi huzifunga kwa kamba ya kiatu. Waafrika wa Sydney walipokuwa bado wanacheza kanda walizokuja nazo kwenye mabegi, yeye alishaanza kupiga dub ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba yake, lililokuwa zamani gereji ya kunyoosha bodi za magari. Kwa asiyejua, rege ni wimbo mzima, na dub ni wimbo uliovuliwa nguo. Fundi huondoa sauti ya mwimbaji, huondoa gitaa, hubakiza ngoma na besi. Halafu hapa na pale hurudisha kipande cha sauti, neno moja au nusu ya neno, akalitupa kwenye mashine ya mwangwi likawa linakwenda na kurudi kama mtu aliyepotea pangoni. Wekesa alikuwa na mashine hiyo ya kizamani, yenye utepe unaozunguka, na kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa safi huku akisali.

Kwake muziki ulikuwa ibada. Hakula nyama wala chumvi, hakugusa pombe, na wembe haukupita kichwani mwake tangu ujana. Kila Jumamosi mchana wenzake walikuja na ngoma tatu, wakakaa duara, wakapiga mpigo mmoja unaofanana na wa moyo, na katikati mmoja akasoma Zaburi. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililozaa haya yote. Wekesa hakutaja kifo. Ndivyo Marasta wa zamani walivyomfundisha: uhai ni wa Jah, ndivyo wanavyomwita Mungu, na mtu wa Jah hana shughuli na makaburi. Mpiga besi aliyefanya naye kazi miaka ishirini alipofariki, Wekesa hakwenda kuzika. Alibaki bandani akapiga ngoma. Ukimwambia fulani amefariki, atakujibu, "Amesafiri." Ukiendelea, ataziba masikio.

Kwa mtu huyo ndiko Chibalonza alikokimbilia, na alichokuwa akikimbia kilikuwa na jina.

Chibalonza ni mwanamke wa upande wa Bukavu. Shule hakuikalia, alikalia mashamba ya mihogo na baadaye meza ya kuuza mkaa. Mwaka ule askari walipoingia mjini, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtu alibisha hodi, akasema kwa sauti ya upole, "Shemeji, fungula. Ni mimi." Sauti ilikuwa ya Destin, aliyeoa binamu wa mumewe, aliyekula kwao kila Jumapili na kumwita kila mtu wa nyumba ile shemeji. Mumewe, Fidèle, akamwambia Chibalonza alale chini ya kitanda kwa tahadhari tu, kisha akafungua, maana nani asingefungua? Nje Destin hakuwa peke yake. Chibalonza aliona viatu. Kisha akasikia.

Kesho yake Destin alichimba kaburi kwa mikono yake na akalia kuliko wote. Akamgeukia mjane. "Pole, shemeji. Weye ulikuwa wapi wakati ule?"

Chibalonza akamtazama machoni. "Nilikuwa kwa mama."

Uongo huo ndio uliomlinda. Ulimlinda kambini Burundi, ukavuka naye bahari, ukamsaidia kumlea binti yake, Médiatrice, hadi akaingia chuo cha uuguzi. Hakumwambia mtu, hata binti. Siku moja, katika kanisa la Wakongomani huko Minto, mtu wa kutangaza matangazo akasimama na kusema, "Wapendwa, ni mimi tena," na Chibalonza akaijua sauti. Alikuwa Destin, kanenepa, kavaa tai. Baada ya ibada alimkumbatia mbele ya watu. "Shemeji! Mungu ni mwema!" Miaka miwili walisalimiana hivyo. Destin akamletea maparachichi. Destin akamuuliza mtoto anasoma nini. Chibalonza akacheka, akashukuru, na akifika nyumbani anatapika. Mwishowe akahama Minto bila kuaga, akasema tu anakwenda karibu na kazi, na kazi yake ya kupanga maboksi ilikuwa Smithfield. Akapata chumba cha uani kwa Wekesa, hatua kumi kutoka kwenye banda. Anwani hakumpa mtu.

Na kusema kweli, mwanzoni alipona. Mzee hakuuliza maswali. Besi ilipoanza mchana iliingia tumboni, ikatetemesha vikombe kabatini, na Chibalonza, ambaye kwa miaka ishirini kila mlango uliogongwa ulimkausha mate, aligundua kwamba ndani ya sauti ile hawezi kusikia hodi. Alilala usingizi wa mtoto. Jumamosi aliwapikia maharage yao yasiyo na chumvi, akawatania.

"Mzee Wekesa, hii ni chakula au ni adhabu?"

"Sista Chiba, chumvi ni ya Babiloni."

"Basi mimi nilizaliwa Babiloni. Niletee kidogo."

Walicheka. Alimwona kama kaka. Ndiyo maana inauma.

Sasa, kila mwaka siku ya Fidèle ikifika, Chibalonza hukaa chini, hulia kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, kama mama yake alivyolia, na kilio hicho kina mpangilio wake. Unaanza na jina la marehemu na wema wake. Halafu unasimulia mlango, na hodi, na viatu. Kisha, kwa kuwa marehemu hana mdomo, unamtaja aliyemfanyia. Unamtaja mara tatu. Na hapo huachi! Ukishataja unafunga, kwa sauti ya chini, mkono kinywani: "Nimelitaja, nimelizika. Lilale hapo lilipo, lisimfuate aliyelitaja." Mama yake alimwonya tangu utotoni kwamba jina lisilofungwa huinuka likatembea, nalo hujua njia ya kumfikia yule aliyeliamsha.

Akiwa kwa Wekesa, mwaka mmoja siku hiyo iliangukia Jumamosi, wageni wakiwa bado hawajafika. Banda lilikuwa wazi na tupu, lina zulia, lina giza la kupumzisha macho. Chibalonza akaingia, akakaa chini, akalia kilio chake chote mpaka mwisho. Hakujua kwamba Wekesa alishatega maiki za ngoma na kwamba kanda inazunguka. Wekesa aliikuta sauti ile jioni. Hajui Kishi. Alisikia mwanamke anaimba kwa uchungu mtamu, akasikia jina linarudiwa mara tatu, akadhani ni sifa. Angeuliza swali moja tu, "Ulikuwa unaimba nini?" Hakuuliza. Watu wa namna yake huamini kwamba kilichoingia bandani kimeletwa na Jah.

Chibalonza alijua baada ya miezi mitano. Médiatrice aliingia kutoka mazoezi ya hospitali, simu mkononi, anachezesha mabega. Huyu mtoto huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na Kishi hajui hata neno. Alisema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba wenzake wote chuoni wanausikiliza wimbo huu wa mzee, na je, sauti hii si ya Mama?

Simu ikatoa ngoma. Ikatoa besi, ile ile iliyokuwa ikimlaza. Halafu kutoka mbali, kama kutoka chini ya kitanda, sauti yake mwenyewe: mlango… mlango… Kimya, ngoma. Kisha: Destin. Na mashine ikalichukua jina ikalitupa, Destin, Destin, Destin, likipungua, likirudi, likipita kutoka sikio hili kwenda lile. Fidèle hakuwemo. Wema wake haukuwemo. Chibalonza alisubiri maneno ya kufunga akiwa ameshika meza. Wimbo ukaisha kwa ngoma.

"Zima," alisema.

"Mum, ni mzuri sana!"

"Nimesema zima!"

Akavuka uani na kandambili moja mguuni. Wekesa alikuwa ameinama juu ya meza yake ya swichi, picha ya mfalme wa Uhabeshi ukutani juu yake.

"Mzee Wekesa. Umechukua sauti yangu."

Mzee akatabasamu mpaka macho yakapotea. "Umeisikia! Sista, nilitaka iwe sapraizi. London wanaipiga, bana. Nairobi wanaipiga. Hiyo sauti si yangu wala si yako, ni ya Jah, sisi ni bomba tu, maji yanapita."

"Iondoe. Wewe si fundi wa kuondoa sauti? Ondoa yangu."

"Santuri zimeshatoka, Sista. Zilizobaki hapa ni mia na kitu."

"Maneno ya mwisho ulipeleka wapi?"

"Yapi?"

"Nilifunga mwishoni, chini chini."

"Aah, hapo sauti ilishuka, haikuwa na nguvu. Nilikata. Dub ni hivyo, unatoa nyama unabakiza mfupa."

"Mzee, nisikilize. Ule si wimbo. Ni kilio cha marehemu mume wangu, na huyo ninayemtaja ndiye—"

Lakini kwenye neno marehemu Wekesa alishanyanyuka, viganja masikioni, anarudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Hapana! Hapa ndani hapana, Sista! Usinitajie hayo. Uhai! Uhai tu!" Akaanza kuimba Zaburi kwa sauti ya juu ili asisikie. Chibalonza akasimama na nusu ya sentensi mdomoni. Alisema tena, akapiga kelele, na mzee akaimba zaidi. Akatoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikitumia kifo cha Fidèle miezi mitano yote ile, akakisikiliza mara mia kwa vipokea sauti masikioni, lakini alipoambiwa kinaitwaje akaziba.

Tangu hapo Chibalonza aliacha kulala. Alijua Kishi kinaeleweka Minto. Alihesabu nani anaweza kumchezea Destin wimbo ule: vijana wa kwaya, mwenye saluni, mtu yeyote mwenye simu. Na Destin hangesikia jina lake tu. Angesikia mlango, hodi na viatu. Angejua kwamba mjane hakuwa kwa mama. Kazini Smithfield alidondosha boksi forklift ilipopiga honi. Nyumbani alisukuma kabati mlangoni. Besi ya mchana sasa ikawa adui, kwa sababu ndani yake hawezi kusikia anayekuja.

Ijumaa ya wiki ya tatu Wekesa alimwita kutoka uani, ana furaha, yaliyopita kayasahau.

"Sista Chiba! Nani amenipigia simu? Mwenyewe!"

"Mwenyewe nani?"

"Wa wimbo! Destin! Wa Minto, mtu mpole ajabu. Anasema amejisikia kwenye santuri akashindwa kuamini. Anauliza, huyu mama aliyeniimba anaishi wapi siku hizi? Nikamwambia si mbali, ni jirani yangu, yuko hapa uani kwangu. Nimemkaribisha kesho kwenye ngoma. Mtu akiimbwa hivyo lazima aje kushukuru, ama?"

Chibalonza alishika ukuta wa mabati. Ulikuwa wa moto wa jua na hakuusikia.

"Ulimpa anwani?"

"Na namba ya mlango, asipotee."

Angeondoka usiku ule ule, lakini kwenda wapi? Alimpigia Médiatrice akamwambia alale kwa rafiki yake hadi Jumapili, asiulize. Yeye akabaki, kwa sababu alifikiri: akikuta chumba kitupu, atamtafuta mtoto chuoni.

Jumamosi saa nane ngoma zikaanza. Chibalonza alikuwa amefunga dirisha, amesogeza kabati, ameketi kitandani na viatu miguuni. Treni ilipita kuelekea Parramatta. Watu walicheka uani. Mpigo wa moyo uliendelea, dum-dum, dum-dum, na yeye akijaribu kusikia chini yake. Hakusikia hatua. Alisikia vidole tu kwenye ubao, vitatu, vya adabu.

"Shemeji, fungula. Ni mimi."

Hakujua ameshukaje, ila alijikuta chini ya kitanda, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, shavu kwenye zulia. Kati ya mguu wa kabati na mlango kulikuwa na uwazi wa kidole, na katika uwazi huo kivuli cha viatu viwili.

"Shemeji, najua uko. Mzee ameniambia." Sauti ilikuwa laini, ya kanisani. "Nimesikia wimbo. Umeimba vizuri, unanikumbusha mama yako. Lakini weye si ulisema ulikuwa kwa mama?"

Dum-dum. Dum-dum.

"Miaka ishirini unanicheka, unakula parachichi zangu." Akacheka kidogo. "Haya. Watu wanazeeka, wanasahau, wanasema vitu. Mimi sina neno. Mtoto anaendeleaje? Bado anafanya mazoezi pale hospitali, zamu ya asubuhi, si ndiyo? Msalimie."

Kivuli kilikaa. Bandani mtu alianza kusoma Zaburi ya bonde la uvuli wa mauti, na Chibalonza akajiuliza, katikati ya hofu ile, kama Wekesa kwenye mstari huo pia huziba masikio. Kisha uwazi ukawa mweupe. Viatu vimeondoka.

Hakutoka mpaka ngoma zikaisha. Alitolewa na sauti ya Wekesa mlangoni. "Sista, mgeni wako kaondoka mapema, sema mtu mzuri. Nimekuletea maharage."

Alisukuma kabati, akamvuta mzee ndani kwa mkono, akafunga, akasimama mbele ya mlango. "Leo ukiziba masikio, nitakushika hiyo mikono," alimwambia. Na alimshika. Alimwambia yote, neno kwa neno, kwa sauti isiyopanda: Fidèle, hodi, viatu, risasi, kaburi na aliyelichimba. Alisema kifo mara nyingi alivyotaka. Mwishowe mzee aliketi chini, akavua kofia yake ya sufu ya rangi tatu, na rasta zikamwagika zuliani.

"Mimi nilimpa namba ya mlango," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Wewe."

"Ile kanda ninayo. Nzima. Nitarudisha yale maneno. Nitatoa santuri nyingine yenye mwisho wake, na hii nitaita irudi. Na siku ya… siku yake ikifika, nitakuja kukaa chini na wewe. Nitalitaja jina lake. Naapa kwa Jah."

Jumatatu Médiatrice alimpeleka mama yake polisi. Sasa alikuwa ameambiwa, na uso wake ulikuwa umezeeka kwa siku moja. Afisa alikuwa kijana mpole. Aliandika. Aliuliza, alikutishia? Alivunja mlango? Alisema nini hasa? Médiatrice akatafsiri: alinisifu uimbaji, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Afisa akaweka kalamu chini. Destin akirudi, wapige simu kituoni. Mambo ya Kongo yana watu wake, akaandika namba ya simu. Ushahidi upo? Upo, sauti ndani ya kanda, lakini mwenye kanda lazima aje mwenyewe aseme aliipataje, lini, na nani alimpigia simu akiulizia anwani. Wekesa aliitwa mara mbili. Alisema mara zote mbili kwamba habari za wafu hawezi kuzisimamia mbele ya Babiloni, ndivyo anavyowaita polisi.

Chibalonza na bintiye wanaishi sasa mahali ambapo hapatatajwa hapa. Binti amebadilisha hospitali. Akirudi nyumbani habishi hodi, hupiga simu kutoka kwenye ngazi na kusema neno walilokubaliana, na mama hufungua akiwa ameshasimama nyuma ya mlango. Destin bado anatangaza matangazo Minto. Deni lake ni roho ya mtu, anayelidai ni Mungu, na Chibalonza amechoka kumngoja.

Siku ya Fidèle ilifika tena. Chibalonza alirudi Granville kwa treni mbili, kitambaa usoni, akatandika mkeka kwenye zulia la banda kama walivyoahidiana. Alikuta mlango umerudishwa tu, taa inawaka, na juu ya spika bakuli la maharage ya moto. Wekesa hakuwepo. Alilia peke yake, akafunga kwa sauti ya juu safari hii, na kanda haikuzunguka.

Santuri ile bado inapigwa, na jina bado linatembea bila kufungwa. Anayedaiwa ni Wekesa wa Granville, fundi wa dub, mtu wa sala. Arudishe maneno aliyoyakata. Aende akatoe kanda na aseme nani alimpigia simu. Na aje akae chini, atoe viganja masikioni, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Fidèle alikufa.